Nimetoka kongamano la wajasiriamali Chake: kumbe chupa yangu inavuja achari iliyomo

#1 BiAchari

Assalaam aleykum wadau. Uzi mrefu huu. Anayetaka muhtasari apite tu, miye muhtasari siujui.

Wiki iliyopita nilikuwa Chake Chake, hapa kwetu Pemba, kwenye kongamano la siku mbili la wajasiriamali wadogo. Walioandaa sitawataja. Nina malalamiko na nina shukrani, na kisiwa chetu hiki ukimsema mtu asubuhi, jioni mshakutana sokoni. Napika achari Wete, mwaka wa sita huu: ya embe, ya ndimu, na pilipili ya kusaga. Nauza kwa majirani, dukani kwa shemeji yangu, na mara mbili tatu kwa mwaka napeleka Unguja.

Nimepigiwa simu siku chache kabla. "Njoo na bidhaa zako, meza ipo." Nikapanga chupa 24 kwenye boksi la tambi, kati yake nikatia vipande vya kanga kuukuu zisigongane, nikapanda gari ya mwanzo. Barua inasema saa 2 kamili. Saa 1 na nusu nishafika, ukumbini yumo mlinzi na paka. Mgeni rasmi kaingia saa 5 kasoro robo. Muda wote huo tunajitambulisha, kisha tunajitambulisha tena kwa ajili ya waliochelewa.

Ikaja mada ya kwanza, mikopo. Ya pili, mikopo. Ya tatu kaja kijana kavaa suti ya buluu, anatwambia tuwaze makubwa, tuliangalie soko la dunia. Maandishi ukutani yote Kiingereza. Nyuma yangu wamekaa kina mama wa ushirika wa chumvi kutoka Micheweni, mmoja kanigusa bega: "Kaandika nini pale?" Miye na kidato cha pili changu nikamwambia kaandika tuamke mapema. Akasema, "Mwambie siye tunaamshwa na maji ya bamvua." Safu nzima ikacheka mpaka tukatazamwa.

Lakini lililonileta hapa ni la wakati wa chai. Tumesimama kwenye meza zetu, kapita bibi mmoja mtu mzima wa Makangale, anauza asali. Akachukua chupa yangu ya achari ya embe. Lebo hakusoma, bei hakuuliza. Akaigeuza kichwa chini, akaisimamisha juu ya kitambaa cheupe cha meza, akaendelea na chai yake. Kala kachori mbili taratibu, miye nimemkodolea macho tu. Alipoinyanyua, kitambaani pana duara la mafuta ya manjano, kadiri ya sarafu ya mia mbili.

Akanambia: "Mwanangu, achari yako nzuri, nimeipata harufu tokea mlangoni. Na tabu yako ndiyo hiyo, nimeipata harufu tokea mlangoni."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Kwa sababu najua. Mwaka jana boksi langu lilivuja ndani ya boti, likaingia kwenye mfuko wa abiria mwenzangu. Mlikuwa na mashuka ya bibi harusi. Meupe. Nikalipa 35,000 na nikafika Malindi, bandarini Unguja, sina hamu ya kuuza hata chupa moja.

Chupa zangu za kawaida ni zile zilizokwishatumika, za jemu na za mayonezi, nanunua kwa anayezikusanya. Vifuniko vyake vishachoka. Mpya za reja reja nazipata 1,200 moja, na hizo nazo kifuniko kimoja kinakaza, cha pili kinazunguka tu. Siku mbili za kongamano tumefundishwa kukopa, kuota na kujitangaza. Chupa hakuna aliyeitaja.

Basi nauliza: nyinyi wenzangu mnaofungasha vitu vya majimaji, chupa mnapata wapi?

#2 Mtazamaji_wa_Ole

Nimekaa kitako, chai na boflo mkononi. Endeleeni.

#3 KaimuWaBaraza

Bi Achari, pole kwa mashuka, lakini makongamano haya nishayachoka. Watu wale wale, fulana mpya, picha ya pamoja, pilau, kila mtu kwao. Mwaka ujao mada zile zile, inabadilishwa tarehe kwenye bango. Ungebaki Wete ukauza chupa zako 24 ungepata zaidi.

#4 BiAchari

Kaka Kaimu, nimeuza 17 pale pale mezani, usinione mjinga. Nauli nimerudishiwa. Fulana nimepewa, inamtosha mwanangu wa darasa la tano. Pilau, kusema kweli, lilikuwa zuri.

Lile duara la mafuta ningelionea wapi kama si pale? Wete miaka sita watu wananunua, wanafuta chupa kwa kitambaa, wanatia kabatini, hakuna anayenambia neno. Majirani wananistahi.

#5 Mkarafuu_Mtambwe

Waleykum salaam. Binti yangu, mimi mkulima wa karafuu, mambo ya chupa si yangu, ila nimesoma yote na nina la kusema.

Karafuu haina chupa. Unachuma, unachambua, unaanika jamvini siku nne tano, unatia guniani. Bei inatangazwa na serikali, mnunuzi ni mmoja tu kwa mujibu wa sheria, ZSTC, shirika la biashara la serikali, unapeleka kituoni wanapima wanakulipa. Tunalalamika sana juu ya huyo mnunuzi mmoja, na malalamiko mengine ya haki. Lakini hajawahi kunirudishia gunia kwa sababu halina lebo.

Nyinyi wa achari mko huru. Hakuna atakayekukamata kwa magendo ya pilipili. Lakini kila chupa unaitafutia mnunuzi wake peke yake, na wewe mwenyewe ndiye shamba, ndiye kiwanda, ndiye gari. Sasa nakuuliza kama mzee wako: kwa chupa moja unapata shilingi ngapi? Faida nataka. Mauzo ajuaye kila mtu.

#6 BiAchari

Mzee wangu, nauza 3,000. Faida… kama nusu hivi, Inshallah.

#7 Mhasibu_Mstaafu

Hiyo "kama nusu hivi" imenifanya nivae miwani.

Bi Achari, nimefanya hesabu za watu miaka thelathini, nusu yake nikiwa hapo hapo Chake. Nifanyie hisani. Chukua kalamu, andika pishi moja la mwisho ulilopika. Kila ulichonunua, hata kiberiti. Usikisie.

#8 BiAchari

Haya. Pishi la wiki ya kongamano, limetoa chupa 40 za gramu 250:

Embe mbichi ndoo tatu 15,000. Chumvi 1,000. Mafuta lita tatu 16,500. Thomu, bizari, pilipili na hulba 8,000. Siki 2,500. Kuni na mkaa 4,000. Chupa safari hii nilinunua mpya kwa ajili ya heshima ya kongamano, 40 kwa 1,200. Lebo 200 moja.

#9 Mhasibu_Mstaafu

Ahsante. Vilivyomo ndani ya chupa: 47,000. Chupa zenyewe: 48,000. Lebo: 8,000. Jumla 103,000, yaani kila chupa imekugharimu 2,575 kabla haijatoka uani kwako. Unauza 3,000. Kwa chupa zote 40 umebakiwa na 17,000.

Angalia tena mistari miwili ya mwanzo. Chupa tupu ni ghali kuliko achari. Mteja wako analipia kioo, wewe unamtilia na achari ndani kama bahashishi.

Na bado sijauliza ulifanya kazi siku ngapi, na nani alikusaidia.

#10 BiAchari

Siku mbili. Miye na binti yangu. Kumenya, kukata, kuanika, kuungua mikono na pilipili.

Nimesoma ulichoandika nikiwa jikoni, nimekaa chini kwanza.

#11 Mkarafuu_Mtambwe

17,000 kwa watu wawili siku mbili. Mchumaji wangu msimu wa karafuu analipwa kwa pishi, kile kipimo cha karafuu, na hiyo 17,000 hataki hata kuisikia. Atashuka mtini aende zake.

#12 Nahodha_77

Wadau mnazunguka bure. Suluhisho ni mtaji. ZEEA, wakala wa serikali wa kuwezesha wananchi kiuchumi, wanatoa mikopo isiyo na riba, wanawake na vijana ndio walengwa wakubwa. Dada jiunge kwenye kikundi, kopa, panua biashara. Pishi moja upate 17,000, ukipika mapishi kumi si 170,000?

#13 Mhasibu_Mstaafu

Nahodha, mkopo usio na riba ni neema, na anayeufaa auombe. Lakini kuukosa riba hakumaanishi haurejeshwi. Huyu akikopa milioni leo, karibu nusu yake anampelekea muuza chupa wa reja reja. Na mapishi kumi ni siku ishirini za kuungua mikono.

#14 Nahodha_77

Haya mzee, nimekaa.

#15 MamaMwani_Paje

Salamu kutoka Unguja. Nimecheka na la bibi wa Makangale kisha nikanyamaza, maana letu ni hilo hilo, njia tu ndiyo nyengine.

Siye huku mwani tumeanza kuulima kibiashara 1989, Paje na Jambiani. Mama yangu alikuwamo katika wale wa mwanzo. Unapigilia mambo, yaani vigingi, unafunga kamba, unafunga vikamba vya taitai kimoja kimoja na maji yako kiunoni, unakausha, unauza kwa kilo kwa bei ambayo hukuipanga wewe. Mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei, lakini maji yakipata joto unaoza, umetukimbia pahala pengi. Imebaki aina ya spinosum, na bei yake ndogo mnaijua.

Tulipoamua kutengeneza sabuni, mtu wa kwanza kutufundisha alitwambia tutie kwenye vikopo vya plastiki vyenye kifuniko, ndiyo "kisasa". Tukapiga hesabu kama ya huyu mzee wetu mhasibu: kikopo kinakula faida yote. Tukaachana nacho. Sabuni tunaikata mche, tunaizungushia karatasi, tunafunga kwa uzi wa ukili. Wageni wanaipenda zaidi kwa sababu ya ule ukili. Lakini mafuta yetu ya kupaka hayafungwi kwa ukili, na hapo na siye tunalia chupa.

Dada Bi Achari, usijione uko peke yako. Sisi tukihitaji vichupa 200 tunaambiwa bei ya jumla inaanzia vichupa elfu moja na mia tano. Nani ana haja ya vichupa 1,500?

#16 KijanaWaKonde

Kwani lazima kioo? Tieni kwenye vifuko vile vya kubana mdomo, vyepesi, havivunjiki botini.

#17 MamaMwani_Paje

Mwanangu, mifuko ya plastiki Zanzibar imekatazwa tangu 2006, kabla hata ya Bara ambao wamefika 2019. Vifungashio vya bidhaa ni habari nyengine, lakini usinunue roli zima kabla hujakwenda kuuliza. Na achari yenye mafuta ndani ya kifuko, ikae miezi mitatu, ikutwe na boksi la vitunguu juu yake… nakuachia mwenyewe.

#18 FundiLebo_Chake

Mimi nachapisha lebo, nilikuwapo kongamanoni siku ya pili, meza ya pembeni karibu na feni mbovu. Niseme mawili ambayo kila siku nawaambia wateja na kila siku wanasahau.

Kwanza, jina. Ukisajili jina na alama ya biashara BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar, umelindwa Zanzibar. Bara ni usajili mwengine kabisa, kwa wakala wao, BRELA. Mtu wa Dar anaweza kuichukua alama yako akaisajili kule, na wewe ukipeleka mzigo unaonekana ndiye mwizi. Kinyume chake pia. Wateja wangu wengi wanadhani Tanzania moja, usajili mmoja. Kwa alama za biashara sivyo.

Pili, wanakuja wananambia "nitilie na zile mistari, dukani wanaitaka". Mistari hiyo, yaani msimbopau, haibuniwi kwenye kompyuta yangu. Nambari zake zinatolewa na GS1 Tanzania, taasisi ya misimbopau, na zinaanza na 620. Zamani, kabla ya 2011, wazalishaji wetu wengi walikuwa wakichukua za Kenya, 616. Siku hizi hakuna haja. Na mjue 620 inaonyesha kampuni imesajiliwa wapi, haimaanishi embe limeota wapi.

Alama ya ubora muulizeni ZBS, taasisi ya viwango Zanzibar, na usalama wa chakula ni ZFDA, wakala wa chakula na dawa, hao watataka kupaona unapopikia. Bi Achari, wewe unapikia wapi?

#19 BiAchari

Uani, chini ya mwembe. Najua, najua. Nimeanza kujenga banda la matofali, limefika kwenye linta. Limesimama hapo tangu mwezi wa Mfunguo Tatu.

#20 KaimuWaBaraza

Linta imesimama kwa sababu pesa zimo kwenye chupa. Haya nakubali, uzi huu umekuwa na faida kuliko kongamano.

#21 Tanga_Raha

Habari zenu ndugu zetu wa visiwani. Mkuu wa uzi, mimi niko Tanga, nafanya biashara ya mazao na nasafirisha mizigo kwenda Wete kwa majahazi. Umeme mnaochajia simu za kuandikia hapa unatoka kwetu kupitia waya wa chini ya bahari tangu 2010, kwa hiyo tunadaiana.

Kiukweli bei ya 1,200 ni ya mtu wa tatu au wa nne. Chupa hiyo imetoka kwa muuzaji wa jumla Dar, ikaenda kwa mwenye duka Unguja, ikaja kwa mwenye duka Chake, kila mmoja ameweka mkono wake. Nina mteja wa asali Handeni anachukua za gramu 250 na vifuniko vyake kwa 650 moja, ila oda ya chini kabisa wanayopokea ni chupa 1,500. Chini ya hapo wanakwambia nenda rejareja.

Simuuzii mtu chupa hapa, sitaki lawama. Nasema tu namba nilizoziona kwa macho.

#22 MamaMwani_Paje

1,500. Si nilisema.

#23 BiAchari

Ngojeni. Miye nikijibana naweza 300. Mama Mwani wewe 200. Tayari 500. Yule bibi wa asali namjua mjukuu wake, nimempigia sasa hivi: wanataka 400. Zimebaki 600. Nani mwengine humu anatia kitu kwenye chupa ya gramu 250?

#24 Jemu_ya_Shokishoki

Nimekuwa nikisoma kimya kimya tangu jana. Nipo Mkoani. Jina langu lisiwadanganye, shokishoki ni la msimu tu, nyingi napika za embe na mananasi. Niandikie 250.

#25 FundiLebo_Chake

Nina mteja wa pilipili Kengeja, nimemuuliza, 150. Ana sharti: zisiwe zenye maua maua ya kuchongwa kwenye kioo, lebo haishiki. Na mimi namuunga mkono.

#26 BiAchari

1,300.

#27 Nahodha_77

Samahani, nani atashika pesa? Msinione mkorofi. Humu tunajuana kwa majina ya kubuni. Watu wamelia kwa mambo madogo kuliko haya.

#28 Mkarafuu_Mtambwe

Nahodha hilo ni neno la mtu mzima. Fanyeni kama upatu wa mama zenu. Upatu hauchezwi na mtu usiyejua mlango wake. Walioko Pemba wakutane uso kwa uso, wachague mweka hazina ambaye nyumba yake inajulikana, na iandikwe. Wa Unguja atume mtu wake. Fedha isiende kwa muuzaji mpaka mtu amekwenda Dar akaishika chupa kwa mkono, akaigeuza kichwa chini, kama yule bibi.

#29 Msimamizi

Nakumbusha: namba za simu na za akaunti haziwekwi hapa hadharani. Malizaneni kwa ujumbe wa faragha, na jukumu ni lenu wenyewe.

#30 KaimuWaBaraza

Niandikieni 200.

#31 BiAchari

Kaka Kaimu! Wewe unatia nini?

#32 KaimuWaBaraza

Mke wangu anasaga pilipili. Anauza kwenye chupa za maji za nusu lita. Amesoma uzi huu wote kwenye simu yangu, kisha akaniuliza mbona nakaa kubishana na watu badala ya kumwandikisha. Sina la kujibu.

#33 Mhasibu_Mstaafu

1,500 kamili. Mara 650 ni 975,000. Tanga Raha, usafiri wa mzigo kama huo mpaka Wete, na wapagazi?

#34 Tanga_Raha

Gari Dar mpaka Tanga, jahazi, wapagazi pande zote mbili. Wekeni 90,000 kwa makisio. Wa Unguja hesabu yake ya kutoka Wete ni ya peke yake.

#35 Mhasibu_Mstaafu

Basi 60 juu ya kila chupa: 710. Pishi la Bi Achari linakuwa 83,400 badala ya 103,000. Anabakiwa na 36,600 palipokuwa na 17,000, na hajapandisha bei hata shilingi. Zaidi ya mara mbili. Kuvunjika sijakuhesabu, wekeni tahadhari.

Na Bi Achari, kuanzia pishi lijalo uandike na ujira wa binti yako. Hata kama humpi. Uandike.

#36 BiAchari

Nampa. Nimeanza juzi. Kanitazama kama ninaumwa.

#37 Nahodha_77

Imepita mwezi na nusu. Uzi umekufa au mmekimbiana?

#38 BiAchari

Hatujakimbiana. Tulikutana Chake Jumamosi mbili mfululizo, barazani kwa Fundi Lebo. Mweka hazina ni yule Jemu wa Mkoani, maana kati yetu ndiye pekee mwenye daftari lenye mistari. Mama Mwani kamtuma kaka yake. Mjukuu wa bibi ndiye aliyekwenda Dar. Kakaa siku mbili kwa muuzaji anageuza chupa kichwa chini juu ya karatasi mpaka wenye duka wakamwita Mgeuzaji.

Mabunda 60 ya chupa ishirini na tano yameshuka Wete alasiri ya juzi. Wapagazi walitaka zaidi ya tulivyokisia, tukavutana, tukalipa. Kioo kilichopasuka ni chupa 19. Msimu wa karafuu ushaanza, vijana wote wapo mitini, tumebeba wenyewe na rikwama la kuazima. Kaka Kaimu kabeba mabunda 8 peke yake bila kusema neno, nashuhudia.

Usiku huo huo nikatia achari chupa tatu, nikazigeuza juu ya kitambaa cheupe, nikalala. Alfajiri nimekwenda kuziangalia kabla sijawasha hata taa, napapasa kitambaa kwa vidole. Kikavu.

Sasa msifurahi sana. Mabunda mawili vifuniko haviingii. Nimepima kwa rula ya mwanangu: midomo ya chupa ni milimita 58, vifuniko vimekuja vya 63. Vipo 50. Muuzaji anasema atabadilisha, lakini nauli ya kuvirudisha inazidi bei ya vifuniko vyenyewe, na chupa zangu 50 zimekaa wazi kama makinda ya ndege.

Kuna mtu ana chupa za mdomo wa 63, au vifuniko vya 58 vya ziada?

#39 MamaMwani_Paje

Vifuniko vya 58 ninavyo vya mzigo wa zamani, vipo kama 30, vina rangi ya dhahabu. Kaka yangu anakuja Pemba Alhamisi. Sharti: aregee na chupa moja ya achari ya ndimu.

#40 BiAchari

Ataregea na mbili.

#41 Mtazamaji_wa_Ole

Samahani, mimi nilikuwa nakunywa chai tu. Lakini kabatini kwa mama mna chupa nne za mdomo mpana, nimepima sasa hivi, 63. Nipande gari ya saa ngapi?